Bei Iliyoacha Njia

Waingereza wana neno moja la kuisifu bei iliyopita kiasi: "exorbitant". Asili yake ni Kilatini: "orbita" ni alama ya gurudumu njiani, na "ex" ni nje. Maana yake ya kwanza, basi, ni kitu kilichoacha njia. Katika karne ya 15 lilitumika kwa jambo lililo nje ya mkondo wa sheria. Baadaye ndipo lilipohamia sokoni.

Si ajabu, kwa kuwa bei nayo ilidhaniwa kuwa na njia yake. Mwaka 1552 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza watu kununua nafaka kabla haijafika sokoni, au kuilimbikiza ili waiuze ghali. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1772, lakini neno la lawama likabaki.

"Ghali" yetu imetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kupita mpaka. Lakini kwa mazoea ya ulimi twaita ghali hata kitu kinachostahili thamani yake. Lawama twaiweka katika "bei ya kuruka" na "ulanguzi". Lawama hiyo si nyepesi: nchini Tanzania, mwaka 1983, waliotajwa kuwa walanguzi walitiwa kizuizini.

Kwa hiyo asemaye "exorbitant" halalamikii ufukara wake. Amshtaki muuzaji kuwa ameacha njia. Naye mshtaki hana budi kutuonyesha njia yenyewe ilipita wapi.