Vidonge vya majira na hofu ya kunenepa: historia yake

Wadada wetu wanaosoma chuo, wengi tumewasikia wakisema: "Hivyo vidonge vinanenepesha." Kuna anayeviacha katikati bila kumwambia nesi, na kuna anayeruka chakula cha usiku ili asiongezeke kilo. Sasa hofu hii ilitoka wapi?

Mwaka 1956 mwanasayansi Gregory Pincus na mwenzake John Rock, wote wa Marekani, walipeleka kidonge chao Puerto Rico kukijaribu kwa wanawake wa mtaa wa watu wa kipato kidogo, Río Piedras. Wale akina mama walijua kinazuia mimba. Kwamba wako kwenye majaribio, hawakuelezwa vizuri. Daktari Edris Rice-Wray, aliyesimamia kazi kule, aliripoti kwamba asilimia 17 walilalamika: kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika, maumivu ya kichwa. Yeye akaona madhara ni mengi mno. Pincus akaona ni mambo ya mawazo tu.

Mwaka 1960 Marekani ikaruhusu kidonge hicho, Enovid, kutumika kuzuia mimba. Kilikuwa na mikrogramu 150 za homoni ya estrojeni. Vingi vya leo vina 20 hadi 35 tu. Kwa hiyo mabibi walioteseka hawakuwa waongo, dozi ilikuwa kubwa kweli.

Mwaka 1969 mwandishi Barbara Seaman akatoa kitabu kuhusu madhara hayo, hasa damu kuganda. Mwaka uliofuata Seneti ikafanya vikao, lakini hakuna mwanamke hata mmoja aliyemeza vidonge aliyeitwa kueleza. Wasichana wakasimama ukumbini wakapaza sauti. Baada ya hapo serikali ikaagiza pakiti iwe na karatasi ya maelezo. Ile karatasi tunayoitupa, kuna watu waliipigania.

Na uzito je? Watafiti walilinganisha wanaomeza vidonge vyenye homoni mbili na wasiomeza, na hawakupata ushahidi kwamba vidonge ndivyo vinavyonenepesha. Sindano ya miezi mitatu ni habari nyingine: baadhi ya wanaoitumia huongezeka kweli.

Tukumbuke pia, msichana huanza vidonge mara nyingi wakati uleule anapoanza chuo. Ametoka kwenye unga na maharage ya mgao, ameingia kwenye chipsi na soda, anakaa darasani kutwa, na mwili wake wa miaka 18 bado unakomaa. Kilo zikija, lawama inaangukia kidonge.

Kwa hiyo dada, usijinyime chakula, na usiache dawa kimyakimya. Nenda kliniki, uliza, ubadilishiwe njia kama hii haikufai. Nanyi wahudumu wetu, msichana akisema mwili wake umebadilika, msimjibu kama Pincus. Msikilizeni kwanza.