Desturi za Pwani Zilizoandikwa Berlin

Mwaka 1903, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mna habari za uzazi, malezi, posa, harusi, ngoma, utumwa, madeni na mazishi ya watu wa Mrima. Jina lililotangulizwa lilikuwa la Carl Velten, mhariri wake. Lakini sehemu kubwa ya maelezo ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Berlin.

Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1887, kiliwaandaa, pamoja na wengine, maofisa waliokuwa wakienda kutawala makoloni. Darasani yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Ng'ambo ya bahari wanafunzi wale wale wangekuwa mabwana wa ndugu zake. Mvutano huo haukuweza kufichika. Ulizuka mgogoro juu ya heshima aliyostahiki kupewa na wanafunzi, na hatimaye akaiacha kazi hiyo.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, kwa ndoa halali iliyofungwa Berlin. Mwaka uliofuata wakasafiri kwenda Afrika Mashariki ya Kijerumani ili wakaishi kwao mume. Serikali ya koloni haikukubali. Mwafrika kuishi na mke Mzungu, mbele ya macho ya watawaliwa, kulionekana kuwa hatari kwa hadhi ya watawala. Wakarudishwa Ujerumani. Mtu aliyewaeleza wasomaji jinsi posa inavyopelekwa na harusi inavyofanywa pwani, alizuiwa kumwingiza mke wake katika pwani hiyo.

Hapa yafaa kuuliza ni nani aliyemkataa. Hawakuwa watu wa Bagamoyo. Katika jamii anayoieleza Mtoro, mgeni alipimwa kwa dini, lugha, adabu na jamaa aliounga nao udugu, na ndoa ilikuwa mojawapo ya milango ya kuingilia mjini. Mizani hiyo haikuwa ya haki kwa wote: uungwana ulikuwa na kinyume chake, nao ni utumwa, na kitabu chenyewe hakilifichi jambo hilo. Hata hivyo, mlango ulikuwapo. Serikali ya koloni ilileta mizani nyingine, ya rangi, isiyokuwa na mlango wowote.

Wako watakaosema kwamba kitabu kilichoandikwa kwa haja ya Wajerumani hakiwezi kuwa sauti ya Waswahili. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa maswali yaliyoulizwa huathiri majibu yanayotolewa. Lakini majibu yenyewe yana lugha na ujuzi wa mtu aliyekulia ndani ya mambo hayo, wala si ya mpita njia. Ndiyo maana wanahistoria wa pwani bado wanakirejea, na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ikalirudisha jina la Mtoro mahali pa mwandishi.

Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Mtoro alifundisha tena Kiswahili, safari hii Hamburg, pamoja na Carl Meinhof. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Leo kijana aliyezaliwa Muscat au London huambiwa mara nyingi kwamba Uswahili wake ni wa kuazima kwa kuwa hakukulia pwani, huku nchi aliyozaliwa nayo ikimwuliza kwao ni wapi. Mtoro aliyajua maswali yote mawili. Yeye alikulia pwani, na hilo halikumfungulia bandari. Aliishi Ujerumani zaidi ya miaka 20, na hilo halikumfanya aache kuwa mtu wa Mrima. Kilichobaki mkononi mwake ni kile alichokijua kuhusu watu wake, nacho alikiandika kwa lugha yao.