Miti kwanza, chama kisha

Wandugu, kwetu Rutshuru vijana wanauliza kama Lucha, iliyozaliwa Goma mwaka 2012 ikidai kazi na maji, ingefaa kugeuka chama cha politiki. Tuangalie kwanza Kenya.

Mwaka 1977 Wangari Maathai alianza kupanda miti pamoja na wamama wa vijijini, njo mwanzo wa Green Belt Movement. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Serikali ya Moi ilimzarau, lakini jengo halikusimama. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua mbunge, kwa muungano wa NARC. Chama chake cha kijani, Mazingira, kilikuja 2003: miaka 26 kisha ile miti ya kwanza. Na 2007 kiti cha Tetu alikipoteza.

Mimi nimesoma agronomia, najua mche unahamishwa shambani wakati mizizi imeshika. Lakini ona: Uhuru Park iliokolewa mbele chama hakijakuwako. Kwetu pia, 2014, wavuvi wa Ziwa Edouard na watetezi wa mazingira walisumbua mpaka kampuni ya Soco ikakubali kuacha petroli ya Virunga.

Kura inakuja kisha miaka mitano. Virunga inahitaji mlinzi kila siku.