Jiwe la Mpaka na Kijitabu cha Mwenye Nyumba: Upimaji wa Viwanja vya Makazi nchini Kongo

Mkazi wa Lubumbashi anayetaka kununua nyumba hushauriwa na wazee wa mtaa asimalize kulipa kabla hajamwita mpima ardhi. Ushauri huo ni wa busara, lakini una historia ndefu. Kabla ya kuuliza mpima ardhi anafanya nini, yafaa kuuliza alitoka wapi na alitumwa na nani.

Katika jamii za Kongo, mipaka ilikuwako kabla ya mnyororo wa kupimia. Kijito, kichuguu, mti mkubwa au shamba la zamani vilitosha kuonyesha mwisho wa eneo la ukoo, na mashahidi walikuwa wazee waliokumbuka. Mpaka ulihifadhiwa katika kumbukumbu za watu, wala haukuandikwa. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru la Kongo lilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola, na kwamba mapatano ya ardhi na wenyeji hayatatambuliwa yasipopitia kwa ofisa wa serikali. Tangu siku hiyo, kumbukumbu ya mzee haikutosha tena mbele ya hakimu.

Mwaka 1886 dola hilo lilifuata utaratibu wa Torrens, uliobuniwa Australia ya Kusini na kuwekwa katika sheria ya huko mwaka 1858. Kwa utaratibu huo, haki ya mtu juu ya ardhi huthibitishwa na cheti kilichoandikishwa katika daftari la serikali. Lakini cheti hakiwezi kuandikwa pasipo kujua eneo lenyewe: ukubwa wake, pembe zake na majirani zake. Ndiyo maana mpima ardhi akawa mtu wa lazima. Hakuja kuwasuluhisha majirani. Alikuja kuliwezesha daftari la serikali kusema.

Mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910 kwa barabara zilizonyooka na viwanja vilivyochorwa kabla ya kujengwa. Baadaye mji wa Wazungu ukatengwa na mitaa ya Waafrika kwa ukanda usiojengwa. Pande zote mbili ardhi ilipimwa, ila matokeo yake hayakuwa sawa. Mzungu alipata cheti cha kuandikishwa. Mkazi wa mitaa ya Waafrika, ambayo amri ya mwaka 1931 iliipanga kuwa vituo vilivyo nje ya mila, alipata ruhusa ya kukaa iliyoandikwa katika kijitabu cha mwenye nyumba. Alijenga, alizaa na kulea, lakini chini ya miguu yake ardhi haikuwa yake. Ni amri ya tarehe 10 Februari 1953 iliyowafungulia Wakongo mlango wa kumiliki ardhi mtu mmoja mmoja.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha ardhi mikononi mwa taifa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatamka kwamba ardhi ni mali ya serikali peke yake, isiyouzwa wala kupotea kwa kupita miaka. Raia hupewa haki ya kuitumia, na kwa Mkongo haki hiyo yaweza kuwa ya kudumu. Sheria hiyo haikuvisahau vijitabu vya zamani: iliamuru haki zilizomo zigeuke kuwa haki za kudumu, kwa sharti kwamba kiwanja kiwe katika eneo lililogawanywa na kupimwa. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Familia iliyorithi kijitabu katika mtaa uliopimwa ina njia ya kufikia cheti. Familia iliyo katika mtaa uliokua bila vipimo hubaki na karatasi tu.

Kwa hiyo anayemwita mpima ardhi hamwiti kibarua wa kuchimbia mawe. Mpimaji hutafuta alama za zamani, hupima pande, husimika mawe penye pembe, kisha huandika taarifa ya upimaji pamoja na mchoro. Taarifa hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Kwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 1980, cheti kilichotimiza miaka miwili huwa hakishambuliwi tena, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria. Aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia. Jirani aliyenyamaza siku ya kusimika mawe aweza basi kupoteza hatua tatu za uwanja, na pamoja nazo kisima au choo, bila njia ya kuzirudisha.

Historia hii yaonyesha kwamba jiwe na kumbukumbu havipaswi kutenganishwa. Jiwe bila shahidi huweza kuhamishwa usiku. Shahidi bila jiwe hufa na habari yake. Mwenye nyumba mwangalifu huwaita majirani zake wa pande zote wasimame karibu na mpimaji, waone kila pembe na kutia sahihi zao. Hivyo taratibu mbili ambazo mwaka 1885 ulizitenga, ule wa wazee na ule wa daftari, hukutana tena katika uwanja mmoja.