Tarumbeta ya Armstrong ku Elisabethville

Wandugu, mabishano juu ya filme ya Johan Grimonprez, Soundtrack to a Coup d'Etat, hayajaisha kati yetu. Kuna wenye kusema huyu Mubeleji alitengeneza clip ya saa mbili na nusu, na kifo cha Lumumba kinapotelea ndani ya jazz. Wengine wanaipenda juu ya mdundo tu. Naona pande zote mbili zinasikiliza ule muziki sawa vile mapambo. Lakini mule ndani muziki njo ushahidi wenyewe.

Tuchukue Louis Armstrong. Mwaka 1957 alikataa kwenda kupiga Urusi kwa jina la serikali ya Marekani, juu watoto weusi walikuwa wanazuiliwa kuingia masomoni kule Little Rock. Miaka mitatu baadaye serikali ile ile ikamtuma Afrika. Mwisho wa Oktoba 1960 akafika Léopoldville, watu wakambeba juu ya kiti, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Siku zile zile Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake, mule mule mjini, askari wamemzunguka. Novemba, Armstrong akapanda mpaka Elisabethville, njo Lubumbashi yetu ya leo, akapiga tarumbeta katika Katanga ya Tshombe. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ikashusha Lumumba, Mpolo na Okito katika mji huo huo. Wakauawa usiku ule. Kutoka tarumbeta mpaka risasi, hata miezi mitatu haikutimia.

Grimonprez haelezi sana. Anaweka tarumbeta, anaweka sauti za watu wa CIA, anakuachia hesabu. Armstrong simtupii kosa. Alitumiwa, basi. Na jazz ile ile ilifanya kazi nyingine pia: tarehe 15 Februari 1961 Abbey Lincoln na Max Roach waliingia na wenzao katika kikao cha Umoja wa Mataifa, New York, wakapiga kelele juu ya kifo cha Lumumba. Muziki ule ule, lakini haukuwa na bwana mmoja.

Shida yangu na filme iko pengine. Rumba iko ndani, lakini jazz njo inashika usukani. Kwetu sisi rumba haikuwa ya kupamba: Januari 1960, wakati wa Table Ronde ya Bruxelles, Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa kule kule, na Indépendance Cha Cha ikazaliwa ikitaja wanasiasa na vyama vyao. Mtu asiyejua kusoma alipata habari kwa kucheza.

Ila kulikuwa Table Ronde ya pili, ya uchumi, Aprili na Mei 1960. Humo njo walijadili mali, madeni na hisa za makampuni makubwa. Wakubwa wengi walibaki nyumbani kutafuta kura, wakatuma vijana na wanafunzi, watu wa umri wetu kabisa, kukaa mbele ya mabingwa Wabeleji wenye kujua kila karatasi. Mimi agronome, hesabu za udongo nazijua. Zile za Union Minière zingenishinda siku ya kwanza. Ya kwanza tunaiimba mpaka leo kwenye kila arusi. Ya pili, wimbo wake sijawahi kuusikia.