Maji na Mawe ya Tongoni

Msafiri atokaye Tanga kwenda Pangani kwa njia ya pwani, akiisha kwenda yapata kilometa 17, hufika kijiji cha Tongoni. Hapo, karibu na bahari, yapo magofu ya msikiti wa kale, na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Mji huu ulisitawi katika karne ya 14 na ya 15. Watu wa Vasco da Gama walipita maji haya mwaka 1498, na merikebu yao moja, São Rafael, ikapanda mwamba mbele ya pwani hii. Mwaka 1499, katika kurudi kwao kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi wamekwisha kufa, wakaiteketeza kwa moto. Hata milima yetu ya Usambara waliipa jina la merikebu ile, lakini jina halikukaa.

Basi, tulipokwenda Tongoni pamoja na wanafunzi wetu, tulikuta nguzo nyingi zimelala chini. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyeziangusha?" Twakiri kwamba jibu lililotujia mdomoni lilikuwa vita, nalo ni jibu jepesi la mwalimu asiyejua. Tangu siku ile tumeuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Jiwe la pwani si kama jiwe la milimani. Ni tumbawe, nyumba iliyojengwa na viumbe vidogo vya baharini, na asili yake ni chokaa. Kuta za kale zilijengwa kwa tumbawe gumu la nchi kavu. Lakini kwa mihrabu na mapambo, mafundi walikata tumbawe laini chini ya maji, wakalichonga lingali bichi, nalo likikauka huwa gumu. Tena chokaa ya kuunganishia ilitoka katika mawe yale yale. Fundi alipanga magogo, akarundika mawe juu yake, akatia moto. Moto ule hufukuza hewa ya ukaa iliyomo ndani ya jiwe, ikabaki chokaa kali, ambayo ikimwagiwa maji huchemka na kuwa unga. Chokaa hiyo ikikandwa kwa mchanga na kutiwa ukutani, huanza kuinywa tena hewa ile ile polepole, hata ikarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa Tongoni tangu chini hata juu ni kitu kimoja.

Adui wake ndiye huyo huyo aliyemjenga. Mvua inaposhuka huchukua hewa ya ukaa kutoka angani, na maji yake yakawa na ukali kidogo sana, usioonjeka kwa ulimi. Lakini ukali huo watosha kuyeyusha chokaa. Asiyesadiki na aokote kipande cha tumbawe ufukoni (si katika magofu!) akikamulie ndimu, atakiona kinatoa povu. Ndimu hufanya kwa dakika moja kazi ambayo mvua huifanya kwa miaka mingi. Wanaokaa karibu na mapango ya Amboni wameiona kazi hiyo ilipokwisha kuwa kubwa, maana mapango yale ni mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji.

Chumvi nayo ina hila zaidi. Upepo wa bahari huileta, ikaingia katika vitundu vya jiwe pamoja na unyevu. Jua likiwaka maji hutoka, chumvi hubaki ikaganda kuwa chembe, na chembe zile hukua na kulisukuma jiwe kwa ndani, hata likapukutika kama unga. Juu ya hayo huja mbegu ya mti iliyodondoshwa na ndege, nao mzizi wake hupasua mahali ambapo mvua na chumvi zimekwisha kulegeza.

Mtu atauliza, mbona mvua na chumvi hazikuuangusha msikiti watu walipokuwa wakikaa? Kwa sababu palikuwa na sakafu juu yake, na lipu ya chokaa usoni mwake, na watu wa kuipaka tena kila ilipochakaa. Lipu ndiyo iliyoliwa badala ya jiwe. Watu walipohama, jiwe likabaki uchi.

Wala binadamu hana mikono safi. Mabakuli ya China yaliyotiwa katika nguzo kwa pambo yameng'olewa, yakabaki mashimo ya mviringo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yazuia uharibifu wa namna hiyo. Lakini tunalolihofu zaidi ni wema usio na maarifa, yaani saruji. Mjini tuliiona nyumba ya kale ya matumbawe ambayo mwenyewe aliipaka saruji ili aiponye. Baada ya masika machache saruji ilikuwa ingali imara, tukaigonga kwa kidole ikalia kama mtungi mtupu. Nyuma yake jiwe limekuwa vumbi. Chokaa huacha unyevu utoke nje, lakini saruji huufungia ndani, basi chumvi ikavunja jiwe badala ya lipu. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kutengenezwa. Basi kazi hii yawezekana.

Kadhalika mti ulioota ukutani usivutwe kwa nguvu, maana mzizi utatoka na mawe yake. Na ukatwe kwenye shina, uachwe ukauke, kisha fundi ajuaye chokaa aitwe kuziba ufa kabla ya masika.