Raketi ya skwoshi: Jinsi ya kupima mlingano, nguvu na hisia kabla ya kununua

MCHAGUA jembe si mkulima, walinena wahenga. Hata hivyo, mkata mkonge katika mashamba ya Voi na Mwatate hawezi kupuuza kisu anachokishika tangu alfajiri. Kikiwa kizito upande wa ncha, hukata kwa kishindo lakini huchosha kifundo cha mkono. Kikiwa chepesi upande huo, mkono hauchoki upesi, ila nguvu zote hutoka kwa mwenyewe. Kanuni iyo hiyo ndiyo inayotawala raketi ya skwoshi.

Kwa mkazi wa Taita Taveta, uamuzi huu una uzito wa pekee. Aghalabu raketi huagizwa kutoka Mombasa, umbali wa kilomita zipatazo 150 kutoka Voi, au Nairobi. Anayemtuma mtu amnunulie bila kujua anachokitaka huenda akapoteza fedha, na pengine akaumia kiwiko au bega.

Jambo la kwanza ni uzito. Sheria za kimataifa zinaruhusu raketi isiyozidi gramu 255 na urefu usiozidi milimita 686. Hadi mapema miaka ya 1980 nyingi zilikuwa za mbao. Za leo hutengenezwa kwa kaboni, na kwa kawaida huwa na gramu 110 hadi 170 kabla ya kutiwa nyuzi. Nyepesi hugeuka haraka mchezaji anapopokea mpira karibu na ukuta. Nzito hutulia zaidi mpira unapoigonga.

Jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ni mlingano. Raketi mbili zenye gramu 130 kila moja zinaweza kuhisika tofauti kabisa mkononi. Kipimo chake ni rahisi: pima katikati ya urefu wake, yaani milimita 343 kwa raketi ya urefu kamili, kisha uitegemeze hapo juu ya kidole kimoja. Kichwa kikiinama, uzito uko mbele, na raketi hiyo itasaidia kuusukuma mpira. Mpini ukiinama, uzito uko nyuma, nayo itafaa mchezaji wa mipira ya hewani na mapigo mepesi ya karibu. Ikitulia, mlingano wake ni wa kati. Jaribio hili lifanywe raketi ikiwa na nyuzi zake, kwa sababu nyuzi huongeza uzito upande wa kichwa.

Tatu ni umbo na nyuzi. Kichwa chenye umbo la tone la maji, ambacho nyuzi zake ndefu hushuka hadi karibu na mpini, huurusha mpira kwa nguvu zaidi. Chenye daraja kooni huwa na nyuzi fupi, na humpa mchezaji uwezo zaidi wa kuuelekeza mpira. Nyuzi zilizolegezwa kidogo huongeza nguvu. Zilizokazwa huongeza udhibiti. Kwa kawaida hukazwa kati ya paundi 24 na 28. Nyuzi nyembamba huleta hisia nzuri ya mpira, lakini hukatika mapema.

Hali ya hewa nayo isisahauliwe. Mpira wa skwoshi hudunda zaidi unapopata joto. Katika joto la Voi, mpira huchangamka upesi, hivyo anayechezea huko huhitaji udhibiti kuliko nguvu za ziada. Katika baridi ya Wundanyi, juu milimani, mpira huchelewa kupata joto, na anayeanza atafaidika na mpira wa nukta moja ya manjano au nyekundu badala ya ule wa nukta mbili za manjano unaotumiwa mashindanoni. Raketi isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto hulegeza nyuzi.

Kwa anayeanza, raketi ya gramu 130 hadi 140 yenye mlingano wa kati ni chaguo salama. Anayenunua iliyokwisha kutumika aikague fremu kwa makini, hasa juu ya kichwa na kooni. Nyuzi zilizokatika hubadilishwa. Ufa katika fremu hauna tiba ya kutegemewa.

Hatimaye, mnunuzi asimalize fedha zote kwa raketi. Mpira wa skwoshi una kipenyo cha milimita 40 hivi, udogo unaouwezesha kuingia katika tundu la jicho. Miwani ya kukinga macho, ambayo ni lazima kwa vijana katika mashindano ya kimataifa, ina thamani kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye raketi.

Skwoshi itachezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki jijini Los Angeles mwaka wa 2028. Kijana anayeanza sasa hahitaji raketi ya bingwa, bali ile ambayo mkono wake unaweza kuigeuza hadi pigo la mwisho bila kuuma.